Mama Zuhura Alipopanda Basi: Shokapu ya Nyuma Ilivyonifundisha Kupima

Juzi msomaji mmoja wa Lindi ameniandikia: "Kaka, nina pikipiki ya zamani, Honda Transalp. Nikimpakia mke wangu na masanduku, nyuma inakaa chini. Nikaze springi au nitafute shokapu nyingine?"

Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Swali hilohilo niliwahi kujiuliza, nikajijibu vibaya, na jibu langu likanigharimu miaka miwili ya kusafiri peke yangu.

Yangu nayo ni Transalp, XL600V, zile za cc 583 ambazo Honda walianza kuzitoa mwaka 1987. Niliinunua Dar es Salaam ikiwa imeshazunguka sana. Ninyi mnaonisoma mnaijua ndoto yenyewe: Masasi, Tunduru hadi Songea, au kuvuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala mkaingie Msumbiji, mwenzako nyuma, masanduku pembeni. Mimi nilianza na safari ya kutoka Mtwara hadi Newala, kwenda kwa wakwe.

Enzi hizo lami ilikuwa inaishia Mnivata. Tulipoingia kwenye vumbi nyuma ikaanza kugonga. Kila shimo, ko! Tukitoka kwenye shimo, pikipiki inanesa mara tatu, mara nne, kama godoro. Giza lilipoingia taa ikawa inamulika matawi ya mikorosho badala ya barabara, kwa jinsi mkia ulivyolala. Kabla ya Tandahimba Mama Zuhura, mke wangu, akaniambia nisimame. Akashuka, ameshika kiuno, akasema taratibu tu: "Baba Zuhura, mimi kesho napanda basi." Na kweli alipanda. Hakuikalia tena pikipiki ile kwa miaka miwili. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kosa langu la kwanza ni lile analotaka kulifanya ndugu yangu wa Lindi. Nilichukua spana nikakaza springi mpaka mwisho. Mkia ukanyanyuka, nikafurahi. Lakini kukaza hakuifanyi springi iwe ngumu zaidi. Kunainua pikipiki tu, springi inabaki na nguvu zake zilezile. Na kule kunesanesa hakukupungua hata kidogo, kwa sababu kunesa hakuzuiwi na springi. Kunazuiwa na oili iliyo ndani ya shokapu, inayosukumwa kupita kwenye vitundu vidogo. Oili ikizeeka na sili zikiisha, springi inabaki kurukaruka bila mtu wa kuishika.

Kosa la pili linanikera mpaka leo. Duka moja la vipuri, sitalitaja, waliniuzia shokapu iliyotumika ya pikipiki nyingine kwa laki mbili na nusu. "Inaingia, bosi." Ni kweli iliingia. Ilikuwa ndefu kuliko ya kwangu, mkia ukapanda kupita kiasi, stendi ya pembeni ikawa fupi hata pikipiki ikawa inalala vibaya nikiiegesha, na usukani ukawa mwepesi mno. Siku moja, kati ya Mingoyo na Lindi, upepo wa pembeni ulinitikisa nikadhani naanguka. Niliporudi kulalamika nikaambiwa, "Utazoea." Ndugu zangu, ukiambiwa utazoea kitu kinachobeba mgongo wa mkeo, chukua kifaa chako uondoke.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mzee wa Mikindani. Nilimpa shikamoo, nikamweleza yote. Akaniuliza swali moja: "Mwanangu, ninyi wawili na mizigo yenu mna kilo ngapi?" Sikujua. Nilikuwa nimeshatumia pesa ya msimu mzima wa korosho na sijui tuna kilo ngapi!

Basi tukaenda ghala la chama cha msingi tukaomba mizani ya korosho. Mimi 84, Mama Zuhura 63 (alikubali kupima, si kupanda), masanduku na vilivyomo 31. Jumla kilo 178.

Kisha mzee akanifundisha kupima kwa tepu. Inyanyue pikipiki mpaka gurudumu la nyuma lining'inie, upime kutoka kwenye ekseli kwenda juu, hadi alama uliyoiweka kwenye bodi. Ishushe isimame yenyewe, pima tena uone inazama kiasi gani ikiwa tupu. Halafu kaeni juu na mizigo yenu yote, mtu wa tatu apime. Kipimo cha kwanza ukitoa cha mwisho ndicho mnachozama kabla hata hamjaondoka. Kinatakiwa kiwe kama theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu, yaani umbali wote linaoweza kupanda na kushuka. Sisi, kwa shokapu ya zamani, tulizama zaidi ya nusu. Na kama ili uipate hiyo theluthi inabidi ukaze mpaka pikipiki ikiwa tupu haizami kabisa, ujue springi ni laini kwa uzito wenu. Unahitaji springi nyingine, siyo spana.

Ndipo nikaagiza shokapu mpya kwa Hagon, Uingereza. Wale wanakuuliza uzito wa dereva, wa abiria na wa mizigo, kisha wanakuwekea springi inayolingana. Namba zangu za mizani ya korosho zilienda hadi kule. Kwa usafiri na ushuru ilipita milioni moja na nusu, na sijutii shilingi hata moja. Kusubiri mzigo sitakusimulia.

Siku ya kufunga, mzee alikataa kuigusa shokapu mpya kabla hatujafungua linki za chini, vile vyuma vinavyoiunganisha shokapu na mkono wa gurudumu la nyuma. Mimi naishi Shangani ya hapa Mtwara, upepo wa bahari unakula chuma usiku na mchana. Bushi na beringi zilikuwa na kutu, moja haikuzunguka kabisa. Ningefunga kipya juu ya uozo ule, ningesema Waingereza wamenidanganya. Tukabadilisha, tukapaka grisi, tukarekebisha mlegezo wa cheni tukiwa tumekaa juu yake, maana nyuma ikizama cheni inakaza. Ile ya zamani nilitaka kuipasua nione ndani, mzee akanizuia. Nyingine zina gesi yenye mgandamizo mkubwa, zinaua.

Pimeni kwanza. Nasema tena, pimeni kabla ya kununua, pimeni kabla ya kukaza. Tunajua bei ya kila tairi na hatujui uzito wa mtu tunayempenda akikaa nyuma yetu. Hiyo si sawa.

Mwezi uliopita Mama Zuhura alipanda. Mtwara, Mingoyo, Mtama, Nyangao, Ndanda, mpaka Masasi, kama kilomita 200. Kwenye tuta la kwanza alinishika kwa nguvu. Nyuma ikazama mara moja, ikanyanyuka mara moja, ikatulia. Alilegeza mikono. Tulipofika Ndanda akaniuliza Songea ni mbali kiasi gani.

Kwa hiyo, kaka wa Lindi, usikaze na usinunue. Njoo Mtwara Jumamosi, tepu ninayo na mizani nitaiomba. Njoo na shemeji na masanduku yakiwa yamejaa, bila hivyo hatutakuwa tumepima kitu.