Msianze kubomoa kabla slabu haijagongwa

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema shule yenu hapo Arusha imeingiziwa hela ya serikali ya kuondoa zege bovu kwenye slabu ya baraza, lile dari la zege, BOQ (orodha ya vipimo na gharama za kazi) iko tayari, mafundi wanaanza Jumatatu, na unauliza mbao za kusetia mnunue au mkodi, na hela ikibaki kama mnaweza kuongeza madawati. Nani ameigonga hiyo slabu kwa nyundo, asikie palipoachia?

Nilikuwa kamati ya ujenzi ya shule ya msingi huku Moshi, kazi ya fosi akaunti, yaani shule inasimamia ujenzi yenyewe bila mkandarasi. Mtaalamu tuliyeletewa alisimama chini, akatazama juu dakika kumi, akapiga picha, akaandika mita tatu za kubomoa. "Kwingine plasta tu imechoka." Tukasaini. Na mimi nikasaini.

Fundi alipoanza kutindua, zile mita tatu hazikuwa na mwisho. Kila akigonga, zege linaachia vipande. Nondo ya milimita 12 imebaki kama spoku ya baiskeli, kutu inabanduka maganda maganda ukiigusa kwa kidole. Kutu ikivimba humo ndani inasukuma zege mpaka lidondoke, lakini ukiwa chini unaona ufa mwembamba tu na rangi safi. Baraza zima lilikuwa limekwisha. Hela ikakata katikati, slabu imeshikiliwa na milunda, madarasa mawili yamefungwa, watoto wakasoma kwa zamu masika yote. Wazazi walitushika sisi. Yule bwana hakupokea simu tena. "Imechoka", anasema, na watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanakalia hapo chini kunywa uji!

Hata Uingereza, mwaka 2018 paa la shule moja ya msingi huko Kent liliporomoka wikendi. Agosti 2023, siku chache kabla ya kufungua, shule zaidi ya 100 zikaambiwa zifunge majengo kwa sababu ya zege lile jepesi la matundumatundu, RAAC.

Mwite mhandisi wa halmashauri, apande ngazi na nyundo, agonge slabu yote hatua kwa hatua. Zege zima linalia kavu, lililoachia linalia kama debe tupu. Hapo wekeni chaki, tindueni mpaka nondo ionekane, ipimwe unene, ndipo BOQ iandikwe upya. Baraza lifungwe leo, asipite mtoto. Jumatatu iwe ya nyundo na chaki tu, mafundi wasubiri.