Swali la lugha: "Binadamu alitokana na nyani" ni sahihi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi. Tukifika mada ya chimbuko la binadamu, darasa linagawanyika: hawa wanashika kitabu cha Mwanzo, wale wanamshika Darwin. Ugomvi huo siwezi kuumaliza kwa kalamu nyekundu, ila lugha yao inanitatiza. Wanaandika "binadamu alitokana na nyani", "mageuzi ya binadamu" na "hiyo ni nadharia tu". Nisahihishe vipi?

JIBU: Mwalimu, sentensi ya kwanza haina kosa la sarufi. Tatizo ni huyo mnyama. Nyani tunamjua: ndiye anayekaa kando ya barabara kule Mto wa Mbu akivizia ndizi za wasafiri. Sisi wa Kaskazini hatumchanganyi na tumbili, wala na mbega wa misitu ya Meru na Kilimanjaro. Lakini anayetajwa na wanasayansi kuwa karibu na binadamu ni sokwe, na kumwona sokwe wa porini hadi uende Kigoma, Gombe au Mahale. Nahisi ndiyo maana huku kwetu nyani akabebeshwa jina lisilo lake.

Hata ukimweka sokwe, "alitokana na" bado inapotosha, maana inamfanya mnyama aliye hai leo kuwa mzazi wetu. Sayansi haisemi hivyo. Inasema ukoo wa binadamu na ukoo wa sokwe ulikuwa na mhenga mmoja, ukaachana miaka kama milioni 6 au 7 iliyopita, kila upande ukabadilika kivyake. Sokwe basi ni binamu, si babu. Na wanaoitetea sayansi nao huteleza papo hapo: utawasikia wakimwita Zinjanthropus babu yetu. Fuvu hilo, ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai mwaka 1959, lina umri wa miaka kama milioni 1.75, na ni la zamadamu kweli, yaani kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, lakini wataalamu wanamweka kwenye tawi lililokufa bila kuacha kizazi. Labda tumwite baba mdogo aliyefariki bila watoto.

"Mageuzi" nisingeyatumia. Yametoka kwenye kugeuza, na kugeuza kuna mgeuzaji. Ni neno la siasa na uchumi. Kwa watu wa Moshi waliopiga kura mwaka 1995, ukisema mageuzi wanamkumbuka Mrema, mgombea urais wa chama cha NCCR-Mageuzi, si Darwin. "Mageuko" yanatokana na kugeuka: badiliko limetokea, na neno halisemi ni nani aliyelitia mkono. Faida yake ni kwamba mwanafunzi anayeamini kuwa Mungu yuko nyuma ya badiliko hilo anaweza kulitumia, na asiyeamini pia.

Penye kazi hasa ni "nadharia tu". Mitaani nadharia ni kinyume cha vitendo, kama fundi aliyesomea umeme lakini hajawahi kushika waya. Katika sayansi ni maelezo yanayounganisha ushahidi mwingi na ambayo yamepimwa yakasimama. Mwanafunzi huyohuyo anasoma nadharia ya seli kwenye baiolojia, na sijasikia akisema seli ni nadharia tu. Wazo linalosubiri kupimwa lina jina lake: nadharia tete. Papa Yohane Paulo II alitumia tofauti hiyohiyo mwaka 1996 alipowaambia wanasayansi wa Vatikani kwamba mageuko sasa ni zaidi ya nadharia tete. Wanafunzi wako Wakatoliki huenda wakashangaa. Neno "tu", hilo likate bila huruma.

Upande wa pili nao wana lao. Wengi, ili mizani ilingane, huandika "nadharia ya uumbaji". Ukishaipa nadharia maana ile ya kisayansi, jina hilo halikai. Andika "imani ya uumbaji" au "fundisho la uumbaji", na hapo humdharau mtu: sijawahi kumsikia mchungaji wala padri akisoma Mwanzo 1 kanisani akaiita nadharia.

Kwenye karatasi, aliyeandika nyani mkate alama ya ukweli, ya lugha muachie. Sentensi ya kumfundisha ni hii: "Kwa mujibu wa nadharia ya mageuko, binadamu na sokwe wana mhenga mmoja." Anayeshika Mwanzo anaweza kuiandika bila kukana imani yake, kwa sababu "kwa mujibu wa" inataja msemaji tu.