Maswali Yenu: Umri Unasogea, Macho na Masikio Tuyalindeje?

Mwezi huu safu nzima nimeiacha kwa macho na masikio maana maswali yamekuja mengi, na nikiyasoma yote kwa mkupuo naona kitu kimoja kinajirudia: mtu anasubiri aumwe ndo aende kupima. Sasa macho na masikio kwa kawaida hayaumi yanapopungua. Jicho moja likichoka lenzake linabeba, sikio likipungua macho yanaanza kusoma midomo bila hata mwenyewe kujua, na ubongo nao unajaziajazia palipobaki wazi, kwa hiyo unaweza ukapoteza kingi sana kabla hujastuka. Someni basi, na kama una mzee nyumbani msomee.

Nina miaka 46. Siku hizi nikisoma meseji inabidi nisogeze simu mpaka mkono unaishia. Rafiki zangu wananiambia nisianze miwani, eti macho yakishazoea yanazidi kuwa mabovu. Ni kweli?

Hapana dada yangu, si kweli, ila najua kwa nini watu wanaamini hivyo. Ndani ya jicho kuna lenzi laini, ukitazama kitu cha karibu inanenepa kidogo ili upate picha safi. Kuanzia miaka 40 na kitu lenzi inakuwa imekakamaa, hainenepi tena kama zamani, na inaendelea kukakamaa mpaka kwenye miaka ya 60 hivi, uvae miwani usivae. Mtu anaanza miwani, baada ya miaka miwili mitatu anahitaji yenye nguvu zaidi, basi anailaumu miwani. Vaa, soma kwa raha.

Ombi langu ni moja. Usinunue tu miwani ya kusomea iliyo tayari ukaishia hapo. Herufi zitaonekana na utarudi nyumbani umefurahi, lakini hakuna aliyekuangalia nyuma ya jicho, na umri huo huo wa 40 ndo magonjwa mengine ya kimyakimya yanapoanza kujitokeza. Pima macho yote kamili kwanza.

Shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 43, baba yangu amepofuka kwa presha ya macho, aligundulika akiwa amechelewa. Mimi naona vizuri, siumwi, macho hayawashi, na presha yangu ya damu iko sawa. Kuna haja ya kupima?

Marahaba, na mpe baba pole sana. Haja ipo tena kubwa, wewe pamoja na ndugu zako wote wa tumbo moja.

Tuanze na hiyo presha ya damu. Hiyo ni kitu kingine, ikiwa nzuri haikuambii chochote kuhusu presha ya ndani ya jicho. Jicho linatengeneza majimaji yake lenyewe muda wote na kuyatoa kupitia njia ndogo sana iliyopo pembeni, njia hiyo isipopitisha vizuri majimaji yanabana, na kinachoumia ni ule mshipa wa fahamu ulioko nyuma, unaopeleka picha kwenye ubongo. Ukishakufa haurudi. Hakuna dawa, hakuna operesheni, hakuna miwani inayourudisha, na ndo maana naandika hili kwa kirefu.

Ubaya wake unaanza kula pembeni. Katikati panabaki safi, unasoma herufi ndogo kabisa, unahesabu hela, unawatambua watu, ila pembeni panapungua taratibu na ubongo unaziba lile pengo kwa kukisia. Wengi wanastuka pale wanapoanza kujigonga kwenye milango au wanapofunika jicho moja kwa bahati wakakuta lile lingine halioni. Kwa hiyo "naona vizuri" haitoshi kabisa kuwa jibu hapa. Presha ya kawaida inahesabiwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki, lakini wapo watu ambao mshipa unaharibika presha ikiwa ndani ya hapo hapo, kwa hiyo ukienda usikubali kupimwa presha peke yake, omba daktari wa macho auangalie mshipa wenyewe na akupime uoni wa pembeni. Mtoto au ndugu wa damu wa mgonjwa ana hatari kubwa kuliko mtu mwingine, na kwetu sisi wenye asili ya Afrika ugonjwa huu unatupata zaidi na mapema zaidi.

Ukikutwa nao, kuna dawa ya matone, kuna leza, kuna operesheni, zote kazi yake ni kushikilia kilichobaki. Hapa ndo panaponiumiza roho maana matone hayakufanyi uone vizuri zaidi, mtu anaweka miezi haoni tofauti yoyote, anaacha, na ule mshipa unaendelea kufa. Kutoona tofauti haina maana kwamba dawa haifanyi kazi. Ni ya kila siku, maisha yote, kama ulivyoandikiwa.

Na kingine, tafadhalini sana, acheni kuchukua matone ya macho dukani kwa kujipimia wenyewe kwa sababu jicho limekuwa jekundu. Baadhi yana steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, yanatuliza wekundu haraka kweli, lakini ukiyatumia wiki nyingi bila kuangaliwa yanaweza kupandisha presha hiyo hiyo ya jicho na hata kuleta mtoto wa jicho.

Nina kisukari, macho yangu hayana shida. Nipime kila baada ya muda gani?

Kila mwaka, tena ile ya kuwekewa dawa ya kupanua mboni ili retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ionekane yote, isipokuwa daktari akupangie vingine. Kama ni kisukari cha aina ya pili kipimo cha kwanza kinatakiwa ulipogundulika tu, maana sukari inaweza kuwa imekaa mwilini miaka kabla hujajua. Vimishipa vya damu vinavuja taratibu, na leza au sindano zinasaidia zaidi kabla hujaanza kuona giza.

Mama yangu ana miaka 68. Anasema anasikia vizuri ila watu siku hizi wanamung'unya maneno. TV anafungulia mpaka nyumba inatetema, kwenye vikao vya familia amekuwa mtu wa kukaa pembeni kimya. Nikitaja mashine ya kusikia anakasirika. Nifanyeje?

Mwanangu, kwanza mwamini mama anaposema anasikia. Ni kweli anasikia. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kila upande, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa ya kwenda kwenye ubongo. Zile zinazopokea sauti nyembamba ndo zinaanza kufa, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Sauti nene anazipata zote, mlango ukigongwa anasikia, gari anasikia, lakini s, f, sh na th zinapotea, na hizo ndo zinazotenganisha neno na neno. Kwa hiyo kwake yeye watu wanamung'unya kweli, hasa watoto na wanawake wenye sauti nyembamba, na pakiwa na kelele za watu wengi ndo hashiki kitu kabisa.

Kabla hujafika kwenye mashine mpeleke akaangaliwe sikio. Wakati mwingine ni nta tu imejaa na kuziba, inatolewa siku hiyo hiyo. Mtajie daktari na dawa zote anazotumia au alizowahi kudungwa, maana zipo zinazodhuru masikio, kwa mfano sindano za gentamicin na streptomycin, na baadhi ya dawa za saratani. Halafu apimwe kwenye chumba kimya, sikio moja moja.

Kuhusu hasira yake, mimi ningeanza na hilo la kukaa pembeni, nisingeanza na mashine. Mwambie umemkosa kwenye mazungumzo. Mzee ukimwambia "husikii" anasikia "umezeeka", lakini ukimwambia unataka maoni yake kama zamani ni jambo lingine kabisa. Na lina uzito, si la upweke peke yake. Ripoti ya jopo la jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ambayo yanaweza kupunguzwa au kutibiwa, na kutosikia vizuri yamo, na kutoona vizuri bila kutibiwa nako kumo.

Akikubali, msitegemee siku ya kwanza iwe nzuri. Ubongo umekaa miaka bila hizo sauti, sasa zinarudi zote kwa pamoja, vyombo vinagongana, karatasi inakwaruza, na yeye ataona ni kero aivue aiweke kabatini. Aanze nyumbani kwenye utulivu, saa chache kila siku, aongeze polepole, na arudi kwa mtaalamu airekebishe, mara nyingi inahitaji zaidi ya safari moja. Ninyi nanyi acheni kupiga kelele, ukipaza sana sauti maneno yanavurugika zaidi, mkae mbele yake pakiwa na mwanga, mpunguze TV, mseme kwa kituo.

Natumia hedifoni kutwa nzima, nina miaka 29, usiku masikio yanapiga mlio kama wa nzi. Hii ni ya wazee au?

Kaka, huo mlio ni onyo, na umri wako hauna kinga. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Kwenye kelele za desibeli 85 mtu anaweza kukaa saa 8 kwa siku, na kila zikipanda desibeli 3 tu muda unakatika nusu, yaani 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, ukifika 100 ni kama robo saa. Simu nyingi sauti ikiwa juu kabisa inafika huko. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani usizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki nzima. Shusha, pumzisha masikio kila saa, na tumia hedifoni zinazokata kelele za nje maana wengi mnapandisha sauti kushindana na kelele za barabarani. Kama kazini kuna mashine vaa vya kuziba masikio kila siku, usisubiri wakulazimishe. Na mlio usipoondoka, au uko sikio moja tu, nenda ukapime.

Ya haraka haraka

*Karoti zinarudisha macho?* Ukiwa na upungufu wa vitamini A ndiyo zinasaidia. Kama huna upungufu hazipunguzi namba ya miwani.

*Miwani ya kuzuia mwanga wa bluu wa skrini?* Uchambuzi wa tafiti wa 2023 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa wanaochambua tafiti za tiba, haukuona kwamba inapunguza uchovu wa macho. Mbele ya skrini tunapepesa macho mara chache, yanakauka. Kila dakika 20 tazama kitu cha mita 6 hivi kwa sekunde 20, upepese.

*Miwani ya jua nyeusi sana ndo bora?* Weusi sio kinga. Tafuta iliyoandikwa UV400, yaani inayozuia miale ya jua inayodhuru macho, kwa sababu nyeusi isiyo na kinga inafanya mboni ipanuke na kuruhusu miale zaidi kuingia.

*Vijiti vya pamba?* Viacheni. Sikio linajisafisha lenyewe, vijiti vinasukuma nta ndani na vingine vinatoboa ngoma.

*Sigara inaingiaje humu?* Inaingia kote. Inaharakisha mtoto wa jicho, inaharibu sehemu ya katikati ya retina uzeeni, na wavutaji wanapoteza kusikia zaidi.

Juzi nimeamka sikio la kushoto halisikii kabisa, kama limezibwa. Nimeambiwa ni mafua nisubiri wiki mbili. Mnasemaje?

Usisubiri hata kesho. Sikio moja likipotea ghafla bila sababu inayoonekana ni dharura, kuna vidonge vya steroidi vinavyoweza kuokoa usikivu na vinafanya kazi zaidi vikianza ndani ya siku chache, kila wiki inayopita nafasi inapungua. Ikikutwa ni nta au mafua tu, heri, hujapoteza kitu. Na wengine wote mshike na upande wa macho: ukiona vimulimuli vya ghafla, vidoa vyeusi vingi kwa mara moja, au kama pazia linashuka upande mmoja, huenda retina inaachia, nenda siku hiyo hiyo. Jicho jekundu linalouma sana pamoja na kichwa na kutapika, vivyo hivyo.

Baba yetu ana miaka 81, ana mtoto wa jicho macho yote na masikio nayo yamechoka. Ndugu wanasema kwa umri huo operesheni ya nini, tumwache apumzike. Na tukianza, tuanze na kipi?

Umri peke yake hauzuii operesheni hii. Mara nyingi inafanyika kwa ganzi ya jicho tu, haichukui nusu saa, anarudi nyumbani siku hiyo. Lenzi iliyofifia kama kioo chenye mvuke inatolewa, inawekwa ya bandia, inakaa maisha yote. Ya kwanza aliiweka daktari Harold Ridley kule London mwaka 1949, baada ya kuona marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege machoni, na jicho halikuvikataa. Matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho hayapo, anayewauzia anawaibia.

Kwa baba ningeanza na kinachowezekana mapema, ila msiache kimoja kwa sababu ya kingine. Mtu asiyesikia anategemea macho kusoma midomo na sura, na asiyeona anategemea masikio kujua nani kaingia na gari linatoka wapi, sasa baba vimepungua vyote viwili kwa pamoja na huko "kupumzika" kwake ni kukaa gizani peke yake. Akiona vizuri hataanguka ovyo, na hata betri za mashine ya kusikia ataweza kuzibadilisha mwenyewe.

Siku ya operesheni aende na mtu anayemwelewa, na mwambieni daktari mapema kabisa kwamba hasikii vizuri, maana akiwa amelala amefunikwa uso hawezi kusoma midomo na ataambiwa asitikisike. Kubalianeni ishara kabla, kwa mfano kumbonyeza mkono. Baada ya hapo kuna matone ya wiki kadhaa, mpangieni nani anaweka asubuhi na nani jioni. Jicho likizidi kuuma au uoni ukishuka tena, rudini haraka msisubiri tarehe ya kliniki.