Seva inakataa paswedi ya skana

Pole mkuu, skana ya duka hapo Kariakoo kugoma kutuma meili na paswedi una uhakika nayo, inachosha kweli. Usiguse tena setingi, jaribu kwanza seva yenyewe kwa laptop, fungua tamino (dirisha la kuandika amri) uandike amri hii ya swaks, programu ya kujaribu seva za meili:

swaks --server mail.example.com --port 587 --tls --auth --auth-user jina@example.com --quit-after AUTH

Weka seva na jina lako, paswedi usiiandike humo maana itabaki kwenye historia ya tamino, acha swaks ikuulize yenyewe. Ikirudi 235 akaunti ni nzima, tatizo liko kwenye skana, mi ningeanzia setingi ya TLS (usimbaji wa mawasiliano na seva). Ikija 535 seva imekataa, usirudierudie utafungiwa, mcheki anayesimamia seva aangalie logi (kumbukumbu za seva). Na ukibandika majibu hapa futa mstari wa AUTH (hatua ya kuingia) wenyewe na herufi za fujofujo zinazoufuata, hizo ni base64, namna ya kuandika data kwa herufi tu, siyo siri kabisa, mtu anaweza kuisoma paswedi yako fasta.