Uyoga wa Msituni Unaoleta Maruweruwe: Je, Alichokiotesha Allah Chaweza Kuwa Haramu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh wangu. Mimi na rafiki yangu tumezoea kuingia msituni kuchuma uyoga wa kula. Sasa mwenzangu amejifunza kuutafuta uyoga mwingine, ambao mtu akiula anaona rangi na maumbo yasiyokuwepo na hisia zake zinabadilika kwa saa kadhaa. Anasema si pombe, haukutengenezwa na mkono wa mtu, Allah ndiye aliyeuotesha, na kwamba watu wa kale waliutumia katika ibada zao. Siku aliyoula alilia sana, na anasema hajawahi kujihisi karibu na Mola wake namna ile. Mimi nilionja kidogo mara moja, sikuhisi kitu. Ninauliza kwa sababu nina huzuni ya muda mrefu, na nimesoma kwamba madaktari wanaufanyia utafiti kama tiba. Je, ni haramu? Hata kidogo kisichohisika? Na sala za mtu aliyeula zina hukumu gani? Na mimi nikimsaidia kuchuma tu bila kula?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Alhamdulillah, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na masahaba zake. Allah akulipe kheri kwa kuuliza kabla ya kuzama.

Kuchuma uyoga wa kula si kosa hata kidogo. Allah amesema: “Yeye ndiye aliyekuumbieni vyote vilivyomo katika ardhi” (2:29), na wanazuoni wakachukua humo msingi kwamba vitu kwa asili yake ni halali mpaka uje ushahidi wa kuviharamisha. Tena jamii hii ya viumbe imetajwa kwa uzuri katika hadithi ya Said bin Zayd, radhi za Allah zimfikie, waliyoipokea Bukhari na Muslim: kam’a, uyoga unaochimbuliwa ardhini, ni katika manna, chakula walichoteremshiwa Wana wa Israili, na maji yake ni ponyo la jicho. Kwa hiyo sina neno na kikapu chenu cha zamani. Neno langu ni juu ya hiki kipya.

Hoja ya mwenzako kwamba “Allah ameuotesha” haifiki mbali. Zabibu na tende pia Allah ameziotesha. Sumu ya mimea ameiumba Yeye, na nyoka ameumbwa na Yeye. Kuumbwa kwa kitu hakumaanishi kwamba kimeumbwa kiingie tumboni mwako. Aya niliyoitaja inasomwa pamoja na aya inayomsifu Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba anawahalalishia watu vizuri na kuwaharamishia vibaya (7:157). Kipimo basi ni athari ya kitu kwa anayekitumia. Mahali kilipoota hapabadilishi hukumu.

Na athari ya huu inajulikana. Ndani yake mna kemikali iitwayo silosibini, ambayo mkemia wa Uswisi Albert Hofmann aliitenga mwaka 1958 kutoka katika uyoga wa Mexico. Ikiingia mwilini hugeuka kuwa silosini, ikashika katika ubongo mahali panapoitikia serotonini, kemikali ya asili ya mwili inayopeleka ujumbe ubongoni, na kwa muda wa saa nne hadi sita akili haipangi tena inayoyaona na kuyasikia kama ilivyozoea. Wakati unarefuka au unapotea, mtu anaona maruweruwe. Mwingine anajawa na furaha kubwa, mwingine anashikwa na hofu mpaka anadhani anakufa.

Mtume amesema, katika hadithi ya Ibn Umar aliyoipokea Muslim: “Kila chenye kulevya ni khamri, na kila khamri ni haramu.” Hakusema kila kinywaji. Na Umar bin Khattab alisimama juu ya mimbari, akataja vitu vitano ambavyo pombe ilitengenezwa kwavyo siku hizo, kisha akaufungua mlango kwa wakati wote ujao aliposema kwamba khamri ni kile kinachoifunika akili. Kwa msingi huohuo, hashishi ilipoenea katika nchi za Kiislamu karne nyingi baada ya Mtume, na haikuwa kinywaji, haikuwa na kileo, nayo ni mmea wa Allah vilevile, wanazuoni waliiharamisha. Hukumu ya uyoga huu inapita njia ileile: kuula kwa ajili ya athari yake ni haramu.

Umeuliza kuhusu kidogo kisichohisika, na hapa sitakuficha kwamba mafakihi wana maelezo. Imam al-Qarafi, mwanachuoni wa madhehebu ya Maliki, alivigawa vitu vinavyogusa akili mafungu matatu: vinavyolevya kwa kuleta furaha na msisimko, vinavyozimisha hisia kama usingizi, na vinavyoivuruga akili bila furaha ile. Fungu la kwanza kidogo chake ni haramu kama kingi, kwa hadithi ya Jabir: “Kinacholevya kwa wingi wake, basi kidogo chake ni haramu.” Mafungu mawili mengine aliruhusu kiasi kisichofika kwenye akili, na katika madhehebu yetu ya Shafii pia wako waliosema hivyo juu ya mimea isiyo ya majimaji.

Mwenzako anaweza kuishika kauli hii. Lakini aangalie: yeye mwenyewe anausifu uyoga huu kwa msisimko na utamu wa nafsi, na hiyo ndiyo sifa ya fungu la kwanza. Isitoshe, kauli ile ilisemwa kwa mtu anayetia kitu katika dawa au kiungo cha chakula na hana haja na ulevi wake. Anayekwenda msituni makusudi kuutafuta ulevi, kisha akapunguza kipimo, hayumo humo. Na kipimo chenyewe atakijuaje? Nguvu ya uyoga huu hutofautiana sana kutoka mmoja hadi mwingine, hata ulioota pamoja. Wewe ulionja usihisi kitu, na kiasi kilekile cha siku nyingine kingeweza kukulaza chini.

Nije sasa kwenye hoja iliyonisikitisha zaidi, nayo ni kwamba uyoga unamkurubisha mja kwa Mola wake.

Simkadhibishi rafiki yako kwamba alilia, na huenda alilia kwa ukweli wa moyo wake. Lakini kumbuka usiku ambao kiumbe alikurubishwa kuliko usiku mwingine wowote, usiku wa Israi na Miraji. Katika usiku ule Mtume aliletewa vyombo viwili, kimoja kina maziwa na kingine kina khamri, akachagua maziwa. Jibril akamwambia kwamba ameongozwa kwenye maumbile ya asili, na kwamba lau angechukua khamri, umma wake ungepotea. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Mwanangu, izingatie sana. Mwanadamu aliyekuwa anapandishwa kuonyeshwa ishara kubwa za Mola wake hakuhitaji kitu cha kuilegeza akili yake. Alikwenda na akili timamu, akarudi na sala tano. Na sala hizo, ambazo ndizo ukaribu wetu, Allah ametukataza kuzisogelea tukiwa tumelewa, “mpaka myajue mnayoyasema” (4:43). Ibada yetu yote imejengwa juu ya mtu anayejua anachokisema. Ndiyo maana kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa kwa mwendawazimu mpaka apate akili, na kwa aliyelala mpaka aamke. Hisia nzito iliyokuja kwa kutafuna kitu haiwezi kuwa ushahidi wa kuwa karibu na Allah, kwa sababu kitu hichohicho humpa mwingine hofu na vitisho, na humpa asiyemwamini Allah kabisa hisia zilezile za utukufu. Tumwulize mwenzako jambo moja tu: alfajiri ya siku iliyofuata aliiswali kwa wakati wake?

Ama watu wa kale, ni kweli. Wamazateki wa Oaxaca, Mexico, walikuwa na ibada za usiku za kutibu wagonjwa kwa uyoga huu, na mganga María Sabina ndiye aliyejulikana sana baada ya Mmarekani Gordon Wasson kuhudhuria ibada yake mwaka 1955 na kuiandika gazetini mwaka 1957. Wageni walimiminika kijijini kwake wakitafuta ulevi, mpaka nyumba yake ikachomwa moto. Hiyo ni dini ya watu wengine, na hata wao waliumizwa na waliokuja kuigeuza mchezo. Kwetu sisi haiwi hoja ya kuhalalisha.

Liko jambo jingine ambalo peke yake lingetosha kuharamisha mnachokitaka, hata kama ulevi usingekuwepo. Uyoga wa msituni unaua. Upo mdogo, wa rangi ya kahawia, unaoitwa na wataalamu Galerina marginata, unaoota kwenye mbao zinazooza, mahali ambapo baadhi ya aina hizo za kulevya pia huota, wakati mwingine bega kwa bega. Una sumu ya amatoksini, ileile iliyomo katika Amanita phalloides, uyoga unaoongoza kwa kuua watu. Mtu akiula hahisi kitu kwa saa 6 hadi 12, pengine zaidi. Kisha anatapika na kuharisha vikali. Baadaye anapata nafuu, anadhani yamekwisha, kumbe ini linaendelea kuharibika, na siku chache baadaye anageuka manjano na kuzidiwa. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, kukausha hakuiondoi. Yale wanayoambiana watu, kwamba uyoga ulioliwa na wanyama ni salama, au kwamba kijiko cha fedha kitabadilika rangi kwenye sumu, hayana ukweli. Allah amesema: “Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo” (2:195). Mtu aliyejifunza juzi, anayechuma kidogokidogo kwa kubahatisha ili apate maruweruwe, anaingia moja kwa moja katika katazo hili. Na ikitokea yeyote kati yenu ametapika saa nyingi baada ya kula uyoga wa porini, akimbizwe hospitali saa ileile, na mabaki ya uyoga yachukuliwe. Msifiche kwa aibu. Kuokoa nafsi ni wajibu, na aibu si udhuru.

Sasa huzuni yako. Nimeisoma sentensi ile mara kadhaa, na naona ndiyo swali lenyewe.

Ni kweli madaktari wanachunguza silosibini kwa wagonjwa wa sonona, na Australia imewaruhusu tangu Julai 2023 madaktari bingwa wa akili wenye kibali maalumu kuitoa kwa wagonjwa ambao tiba nyingine zimeshindwa kuwasaidia. Lakini tazama inavyofanyika. Dawa imepimwa kwa miligramu. Mgonjwa amechunguzwa kwanza, na katika tafiti hizo wenye historia ya kuchanganyikiwa akili, wao au jamaa zao wa karibu, kwa kawaida huzuiwa kwa sababu inaweza kuwavuruga zaidi. Wataalamu wanakaa naye muda wote na kumfuatilia baadaye. Hukumu ya tiba ya namna hiyo ni mlango mwingine: mafakihi wameruhusu dawa zinazogusa akili, kama za ganzi na usingizi wa upasuaji, kwa haja ya kweli, kwa kauli ya tabibu mwaminifu na mjuzi, pale isipopatikana mbadala wa halali. Siku tabibu wa aina hiyo akikuelekeza huko kwa njia inayoruhusiwa na sheria, njoo tulitazame jambo lako lilivyo. Kujichumia msituni na kujitibu mwenyewe hakumo katika ruhusa hiyo. Tariq bin Suwayd alimwambia Mtume kwamba anaitengeneza khamri kwa ajili ya dawa, akajibiwa: “Hiyo si dawa, bali ni ugonjwa.” Tena ujue kwamba silosibini imo katika orodha kali kabisa ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, na nchi nyingi zinamfunga anayekamatwa nayo.

Nenda kwa daktari, mwanangu. Usiambiwe na mtu kwamba huzuni ndefu ni udhaifu wa imani. Mtume ametuamrisha tujitibu, naye mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Allah na hamm na hazan, wasiwasi na huzuni, katika dua aliyoikariri sana. Ishike dua hiyo asubuhi na jioni, na miadi ya daktari uishike vilevile, wala usiache kimoja kwa ajili ya kingine. Ukiona mawazo yanakupeleka kwenye kujidhuru, usisubiri miadi, mwambie mtu wa nyumbani kwako leo.

Kuhusu sala: aliyeipoteza akili yake kwa kusudi hasamehewi kama aliyelala. Sala zote zilizompita katika hali ile, au alizozisali hajui anachosema, azilipe. Na toba yake ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudi. Wewe ulionja na akili yako haikuondoka, basi hakuna sala ya kulipa, ila toba. Mguso wa uyoga huo hauharibu udhu wala nguo, maana katika madhehebu yetu kilevi kisicho cha majimaji ni haramu kuliwa lakini si najisi.

Kumsaidia kuchuma hakufai, kwa kauli yake Allah: “Wala msisaidiane katika dhambi na uadui” (5:2), na katika khamri Mtume amewalaani hata anayeibeba na anayebebewa. Lakini usimtupe rafiki yako. Mwambie uliyoyasikia hapa, kwa upole, mkiwa wawili. Akikataa, usiende naye msituni, ila akikuita usiku ameshikwa na hofu au anatapika, nenda. Kukaa na mgonjwa na kumfikisha hospitali si kumsaidia katika dhambi yake.

Wallahu a’alam.