Linki Tupu Haisikilizwi

Kuna msomaji kaniandikia juzi. Anasema kila akikuta video ya muziki usio wa kawaida anaitupia kundi la marafiki zake, tiki za bluu zinajaa, kisha kimya. Baada ya muda mtu anatuma salamu za asubuhi zenye picha ya waridi, na wote wanaitikia. "Kaka, wewe unafanyaje mpaka watu wanabishana?"

Swali limekuja wakati wake, maana wiki iliyopita nilipata ushindi ambao bado unanichekesha nikiwa peke yangu. Nilituma video ya mtunzi wa Marekani, John Cage, akiwa mgeni kwenye kipindi cha mchezo cha televisheni mwaka 1960. Mkononi ana saa ya kuhesabu sekunde. Anazunguka kati ya beseni refu la kuogea lenye maji, piano kubwa, vipande vya barafu, blenda, bata wa mpira na ndoo ya kumwagilia maua, na kila kifaa kinalia kwa sekunde yake. Watazamaji wanaangua kicheko. Yeye hata hakunji uso; alishamwambia mtangazaji mapema kwamba kwake kicheko ni afadhali kuliko machozi.

Ningetupia linki peke yake, ingekufa palepale. Niliandika mstari mmoja tu chini yake: "Zitazameni zile redio 5. Kwa nini anazipiga kofi na kuzisukuma chini badala ya kuziwasha na kuzizima?" Basi, moto ukawaka. Mmoja akasema mzee kalewa. Mwingine akasema anaipinga serikali. Jibu lenyewe limo ndani ya video, linasemwa kabla onyesho halijaanza: vyama vya wafanyakazi wa studio viligombania nani mwenye haki ya kuchomeka redio kwenye umeme, mwisho hazikuchomekwa kabisa, naye Cage akaamua kwamba kofi ndiyo kuwasha na kuisukuma sakafuni ndiyo kuzima. Waliobisha sana ndio ambao hawakuitazama kuanzia mwanzo, na ikabidi warudi. Jamani, nililala na raha!

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: tuma na swali, tena swali ambalo jibu lake linapatikana kwa kusikiliza. "Mnaonaje?" siyo swali. "Hii ni noma" siyo swali.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kulisema hapa. Kuna kundi nililotolewa. Mzee mmoja tunayemheshimu alituma ile video ya vimpira vinavyorushwa kutoka kwenye mabomba na kuangukia nyuzi, ngoma na kengele bila kukosea hata kimoja, na maelezo kwamba mashine hiyo imeundwa kwa vipuri vya mitambo ya shamba kwenye chuo kikuu cha Iowa. Maelezo hayo yamezunguka duniani miaka mingi na ni ya uongo. Ile ni katuni ya kompyuta, inaitwa Pipe Dream, kazi ya Animusic, kampuni ya Marekani ya katuni za muziki, ya mwaka 2001. Nikaandika kwa adabu zote, nikaanza na shikamoo, nikaweka na ushahidi. Jibu likawa kwamba vijana wa siku hizi hatuna heshima. Usiku huohuo nikakuta nimeondolewa, na hakuna hata mmoja wa rafiki zangu mle ndani aliyeuliza fulani yuko wapi.

Nilikuwa sahihi. Mpaka leo niko sahihi.

Mwaka 2016 bendi ya Wintergatan ya Sweden ikatoa video ya mashine ya mbao ambayo Martin Molin anaizungusha kwa mkono, na gololi 2,000 zinapiga muziki. Hiyo ni ya kweli. Alikuwa akionyesha hatua za ujenzi wake. Nikasikia kwamba kule kundini wameikataa, wanasema nayo ni katuni. Nilifurahi, sitawaficha. Ndugu zangu, kabla hujasambaza, tafuta nani katengeneza. Mashine ya kweli huwa na mtu aliyeitolea jasho, na mara nyingi huyo mtu kaonyesha ilivyomsumbua.

Na jina la msanii, jamani! Nimewahi kuletewa klipu ya Konono N°1, bendi ya Kinshasa, haina jina, ina emoji za kucheka tu. Wale watu walitaka likembe zao, vile vinanda vidogo vya kupigwa kwa vidole gumba, zisikike katikati ya makelele ya jiji, wakaunda maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari ya zamani. Mkwaruzo ule unaoucheka ndio uliowapeleka kwenye albamu ya Congotronics mwaka 2004, na baadaye kwenye wimbo wa mpiga piano wa jazz wa Marekani, Herbie Hancock, uliopata tuzo ya Grammy mwaka 2011. Ukitanguliza kicheko, umeshawaamulia wenzako namna ya kusikiliza. Waache wacheke wenyewe kama kuna la kuchekesha. Weka jina, weka mahali, weka swali. Nimesema swali? Narudia: swali.

Kama video ni ndefu, taja na dakika ya kuanzia. Watu wana kazi.

Na kundi likigoma kabisa, achana nalo, mchague mtu mmoja. Shangazi yangu hapendi muziki wowote usio na maneno, lakini nilimtumia video ya Evelyn Glennie, mpiga ngoma wa Uskoti aliyepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake utotoni. Nikamwandikia: "Shangazi, tazama miguu yake." Akapiga simu papo hapo: mbona yuko peku jukwaani? Nikamweleza kwamba anaupokea mtetemo kwa mwili, na miguu ikiwemo. Akabisha. Akaitazama tena, akapiga tena, akabisha upya, mpaka bando lake likaisha.