Baridi ya Mgongoni kwa Wanaolala Kwenye Bembea

SWALI: Ndugu Mshauri, kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikienda kambini na bembea ya kulalia badala ya hema, kwa kuwa ni nyepesi na hainilazimu kutafuta ardhi iliyo sawa. Shida yangu ni kwamba halijoto ikishuka hadi nyuzijoto 10 hivi, mgongo na makalio hushikwa na baridi kali ilhali kifua kinatoka jasho, ingawa mfuko wangu wa kulalia umeandikwa kuwa unafaa hadi nyuzijoto 5. Rafiki yangu anashauri ninunue mfuko mnene zaidi. Mzigo wote naubeba mwenyewe, na nisingependa uongezeke kwa zaidi ya nusu kilo. Nianze na nini?
Msomaji Asiyependa Mzigo

JIBU: Ndugu Msomaji, mfuko mnene zaidi usiununue, kwa maana utaongeza jasho la kifuani na kuuacha mgongo wako katika hali ile ile. Mfuko wa kulalia hauna joto lake wenyewe. Kazi yake ni kuishika hewa iliyokwisha kupashwa na mwili ili isitoroke, na hewa hiyo hukaa ndani ya manyoya au nyuzi zilizoumuka. Ukizilalia, zinabanwa na kuwa bapa kama shuka, na hapo hazizuii chochote. Anayelala chini hulitambua jambo hilo mara chache, kwa sababu godoro lake jembamba ndilo linalomkinga na ardhi. Hata kile kiwango cha nyuzijoto kilichoandikwa kwenye mifuko hupatikana maabara kwa kumlaza sanamu mwenye vipimajoto juu ya godoro, kwa hiyo namba uliyoisoma haikuwa ahadi kwa mtu anayening'inia. Kwenye bembea, kinachokutenganisha na upepo upitao chini yako ni kitambaa kimoja cha nailoni.

Gramu ulizo tayari kuziongeza, basi, ziende chini yako, na njia ni mbili.

Ya kwanza, ambayo ndiyo rahisi kwa mfuko wa fedha, ni mkeka wa sponji ngumu, ile ambayo vitundu vyake vimezibwa na hivyo hainyonyi maji wala haibonyei sana. Mkeka mzima huwa na gramu 400 hivi, nawe unaweza kuukata ukaishia magotini. Kasoro yake ni upana: mikeka mingi ina sentimita 50 tu, na kwa kuwa kitambaa cha bembea hujikunja kukufuata, mabega hutokeza nje ya mkeka na kugusa nailoni yenye baridi. Unaweza kukata vipande viwili vya sponji na kuvifunga kama mabawa mahali pa mabega. Tena mkeka huteleza usiku, na ngozi hutota jasho juu yake, ingawa bembea yenye tabaka mbili za kitambaa hupunguza adha ya kuteleza, maana mkeka hupenyezwa katikati yake.

Njia ya pili, ambayo mimi naiona bora kwa yeyote anayekusudia kuendelea na bembea, ni mfarishi wa chini, yaani mfarishi unaotundikwa kwa kamba za mpira nje ya bembea, chini ya mgongo. Kwa kuwa huulalii, haubanwi, na unyoya wote hubaki umeumuka. Ule wa robo tatu, unaoanzia mabegani na kuishia karibu na magoti, ukiwa na manyoya ya bata na kiwango kinachokaribia mahitaji yako, huwa na gramu 350 hadi 500; chini ya miguu utaweka kipande kidogo cha sponji, ambacho mchana hukifanya kiti. Hata hivyo, viwango vya mifarishi hutegemea zaidi neno la mtengenezaji, kwa hiyo mimi huchagua ulioandikwa nyuzijoto 5 chini ya baridi ninayoitarajia.

Kuhusu manyoya, ubora wake hupimwa kwa jinsi yanavyoumuka: yakiandikwa 800, maana yake ni kwamba gramu 28 hivi hujaza inchi 800 za ujazo, yaani takriban lita 13. Namba ikiwa kubwa, unahitaji uzito mdogo zaidi kwa joto lile lile. Nyuzi za poliesta huwa nzito zaidi na hushika nafasi kubwa begini, lakini zikilowa hazisinyai kabisa kama manyoya, na bei yake ni nafuu. Ukienda mahali pa mvua za mfululizo, ningekuelewa ukichukua poliesta.

Ila unene si kitu kama mfarishi haukutundikwa sawasawa. Usiku mmoja niliamka saa nane nikitetemeka, nami nilikuwa na mfarishi mzuri kabisa; nilipopitisha mkono chini, ngumi yangu ilizama yote kati yake na bembea. Upepo ulikuwa ukipita humo kama kwenye ujia. Nilikuwa nimelegeza kamba jioni nikidhani naupa nafasi ya kuumuka. Tangu siku hiyo, kila nikitundika namwomba mwenzangu apapase chini nikiwa nimelala: mfarishi uguse kitambaa kote bila kukandamizwa, na ncha zake zibanwe zisiachie hewa. Ukiukaza mno nao hubonyea, ukarudi kwenye shida ya mfuko. Jaribu nyumbani kabla ya safari, ukiwa umelala kimshazari kama unavyolala siku zote, kwa kuwa mwili ukihama mfarishi nao unataka kusogezwa.

Kabla ya kununua chochote, shusha turubai lako upande unakotoka upepo hadi likaribie usawa wa bembea. Hilo halina uzito wa kuongeza.

SWALI LA NYONGEZA: Je, karatasi ya fedha inayorudisha joto, ile ya dharura, haitoshi kuwekwa chini? Ina gramu chache mno.

JIBU: Haitoshi. Karatasi hiyo hurudisha joto la mnururisho tu, na ikibanwa na mgongo hupoa pamoja na kitambaa. Isitoshe, haipitishi mvuke wa jasho, kwa hiyo asubuhi utakuta matone juu yake na mfuko wako umelowa upande wa chini. Kama unayo tayari, itundike nje kabisa, chini ya mfarishi, mbali kidogo na manyoya na kingo zikiwa wazi, ikusaidie kukata upepo.